Muji unatuonyesha kazi, hautuonyeshi hesabu

Ba promo, na nyinyi wadogo wetu mungali mu oditware, leo naomba tuongelee ripoti za muji. Si kama wanasiasa. Mimi niko mtu wa agronomia, na nitazisoma vile nilifundishwa kusoma shamba.

Kwetu, ukitaka kujaribu mbolea, unaacha kipande kimoja bila mbolea. Kile tunaita shahidi. Bila shahidi, mahindi yakikuwa marefu hautajua kama ni mbolea ao ni mvua. Tangu nipate lisansi yangu, kila ripoti ya muji inayopita mu telefone yangu naitafutia shahidi. Simuone.

Ripoti zile munazijua. Picha ya mukubwa na gile ya rangi ya machungwa, kisha maneno: tumesafisha mifereji, tumetembelea masoko, tumehamasisha wakaaji juu ya usafi. Si ya meya mumoja tu. Ni uandishi uliozoeleka mu miji mingi ya Congo. Vitendo ni vingi, vipimo hakuna. Mifereji ya kartye gani? Meta ngapi, kati ya meta ngapi zilizoziba? Makuta ilitoka wapi? Na hautaona hata mustari mumoja unaosema: hii tuliahidi, haikuwezekana. Kama ningepeleka kwa mwalimu wangu mémoire ambamo kila kipande kimetoa mavuno mazuri, angenirudisha shambani siku ileile.

Tuanze na neno lenyewe, kipaumbele. Soma programu nyingi: njia, mayi, umeme, usafi, usalama, masoko, vijana, wamama, michezo, kilimo. Vyote vipaumbele. Mulimaji mwenye mufuko mumoja wa mbolea haupanzi mu mashamba kumi. Akifanya vile, mashamba kumi hayatasikia kitu. Anachagua moja, na anajua yale tisa atayaacha kwanza. Kuchagua ni kusema nini itangoja, na pale njo wakubwa wanaogopa.

Tena kipaumbele kinatakiwa kuwa na mwezi. Huku Katanga mvua inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, na inatupiga mpaka karibu mwezi wa ine. Mufereji unasafishwa mwezi wa nane na wa tisa, wakati wa ukame. Picha ya watu wakichimba matope mwezi wa kwanza, mayi imekwisha kuingia mu manyumba, ile ni picha ya kuchelewa, hata kama wote wanacheka mbele ya kamera. Haiwezi kuhesabiwa kama mafanikio.

Lakini kosa si la kalamu tu. Sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inasema muji unajiongoza wenyewe: una baraza la muji, na baraza lile njo linachagua meya, linapitisha programu na bajeti, linaweza kumuita na kumuuliza. Sasa tuangalie. Tarehe 20 Desemba 2023, ndugu zetu wa Lubumbashi walichagua pia washauri wa komini, juu CENI iliweka kura ile mu miji mikubwa ya majimbo. Sisi wa Likasi, na komini zetu ine, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, tulichagua Raisi, wabunge wa taifa na wa jimbo, kisha tukarudia nyumbani. Baraza la kumuuliza meya hatuna. Meya anawekwa na ordonansi ya Raisi wa Jamhuri. Mutu aliyetoka juu, ripoti yake anaiandikia nani? Anaandikia juu. Sisi tunapewa kopi, na picha.

Ndiyo maana makuta haionekani mu ripoti. Na makuta iko na njia zake, haiko fumbo. Kodi ya mine ilibadilishwa 2018: kwa kila dola 100 za redevansi ambayo kompani inalipa, 50 zinaenda kwa serikali ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, komini, sekteri ao usheferi ambamo mine iko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Shaba inalipa 3.5% ya bei yake. Kobalti, sababu iliwekwa kati ya madini ya strateji, inalipa 10%. Tufanye hesabu. Shaba ya dola 1,000,000 inatoa redevansi ya 35,000, na pale 5,250 njo za kwetu huku chini. Kobalti ya bei ileile inatoa 100,000, na 15,000 zinabaki huku chini. Zile 15 kwa 100 hazipite Kinshasa wala Lubumbashi. Kompani inatakiwa kuzilipa moja kwa moja ku konti ya huku. Na ripoti za ITIE zinatangaza malipo ya kompani. Kwa hiyo meya akiandika "tulipokea kiasi hiki", kuna karatasi ingine ya kulinganisha. Huyo njo shahidi niliyekuwa natafuta.

Kuna kitu ambacho watu wengi mu ville hawajui. Mine nyingi za karibu na sisi ziko mu teritware ya Kambove, kwa hiyo 15 zao zinaingia mu sekteri na usheferi za kule. Lori zinapita kwetu ku RN1, vumbi inabaki kwetu, 15 zinabaki kule. Siite ile wizi, ni mupaka. Lakini ripoti ya muji ingetuonyesha mupaka ule, watu wangeacha kuwaza kama meya amekalia mamilioni ya kila mine wanayoisikia.

Nasikia jibu: muji hauna feza. Ni kweli, na ni jibu la heshima. Katiba ya 2006 inaacha 40% ya mapato ya taifa kwa majimbo, na sheria ya 2008 inasema 40% ya ile sehemu ya jimbo ishuke mu miji, mu komini, mu sekteri na mu usheferi. Kila mutu anajua haishuke vile imeandikwa. Basi andika! "Ilitakiwa tupate hii, ikafika hii, kwa hiyo mufereji huu umebaki." Mama anayelipa taksi yake kila asubui ku soko ya Kikula ataelewa haraka kuliko sisi wenye madiplome. Tatizo ni kwamba sentensi ile inashitaki wale wa juu, na wale wa juu njo wanaweka na kutoa meya. Kimya cha ripoti kinaanzia pale.

Na hatuombe kitu ambacho hakijafanyika mu inchi hii. Kivu ya Kusini, karibu na mwaka 2010, komini na sekteri kadhaa zilijaribu bajeti shirikishi, na Benki ya Dunia ikisaidia. Watu waliitwa ku mukutano na mesaje ya telefone, wakachagua kazi gani ianze, kisha wakatumiwa mesaje ingine kujua nini imekatwa. Telefone za zamani, zile za kifungo. Hakukuwa hata na baraza lililochaguliwa, sawa vile kwetu. Kwa hiyo kusema "tungoje kwanza uchaguzi" si sababu.

Luga pia. Ripoti inaandikwa mu Kifaransa cha ofisi, muji unaishi mu Kiswahili. Ukurasa mumoja wa Kiswahili, ubandikwe ku mulango wa kila komini na usomwe ku radio, unaomba wino kidogo tu.

Sisi je? Mu chama hiki kuna watu wa agronomia, wa polytechnique, wa uchumi, wa sheria. Kupima mufereji kunaomba kamba na kaye. Mwezi wa nane tuchague kartye moja mu kila komini, tuandike meta ngapi zimeziba, tupige picha, tuweke tarehe. Mwezi wa kumi na moja turudie palepale. Hesabu zile tutaziweka pa ukurasa huu, kando ya ripoti ya muji, hata kama ripoti itakuwa nzuri.