Hongera watafiti wa Korogwe

Ikitajwa sayansi nchini, wengi hufikiria Dar es Salaam. Lakini Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979, imetandaza vituo mikoani: Mwanza, Mbeya, Tabora, Tanga, Amani kule Muheza. Ninaowapongeza leo ni wa Korogwe.

Hapo, sambamba na Kilifi nchini Kenya, lilifanyika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 894. Matokeo yalitoka mwaka 2008: chanjo ilipunguza homa za malaria kwa zaidi ya nusu katika miezi ya mwanzo. Korogwe ikaingia tena kwenye jaribio kubwa la nchi 7, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Nyuma ya tarakimu hizo kuna kazi ya mikono. Mtoto anadungwa kidole, tone la damu linatandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, kisha msomaji anainamia hadubini kuhesabu vimelea. Msomaji wa pili anakisoma kioo kilekile bila kujua jibu la mwenzake. Wakipishana, anaitwa wa tatu. Uaminifu wa namna hii nauheshimu mno.

Watafiti wa taasisi hiyo wanafuatilia malaria hadi vijijini Handeni. Hongereni. Na hongera za pekee ziwafikie kina mama wa Korogwe, waliokubali watoto wao wachanjwe wakati chanjo yenyewe ilikuwa bado haijathibitishwa.