Zabibu Ndani ya Kasoko: Nimeonja Mvinyo wa Fogo

Nianze na glasi ya pili, maana ya kwanza niliigugumia kwa kiu ya safari na ladha yake siikumbuki. Ya pili ilikuwa nyeupe, ya zabibu aina ya Moscatel, na chupa yake ilikuwa imelala kwenye ndoo ya maji baridi. Nilipoisogeza puani nikajikuta naangaza macho huku na huko nimwone aliyemenya chungwa. Hakuna aliyemenya chungwa. Mezani palikuwa na mkate, kipande cha jibini ya mbuzi, na nyuma ya nyumba palikuwa na mlima: Pico do Fogo, mita 2,829, mweusi tititi, umesimama pale kama mgeni aliyepiga hodi na hajakaribishwa. Nikanywa. Jamani!

Moscatel ninazozijua mimi ni tamu, mvinyo wa kumalizia mlo, unaonata mdomoni kama sharubati. Hii ni kavu. Pua inaahidiwa asali na maua ya mchungwa, ulimi unafika pale unapewa ndimu, na ndimu ikishapita inabaki chumvi, ile inayobaki midomoni ukitoka kuogelea baharini. Nikaomba nyingine. Mwenyeji wangu akacheka, akamimina, akasema neno la Kikrioli nililoelewa kwa ishara tu: kunywa taratibu.

Mahali penyewe panaitwa Chã das Caldeiras, kwenye kisiwa cha Fogo, nchini Cabo Verde, huko Atlantiki magharibi ya Senegali. Fogo kwa Kireno ni moto, na jina hilo si la kutisha watoto. Unapanda hiace (ndiyo, hiace ileile ya kwetu, na inasubiri ijae vilevile) kutoka mji wa São Filipe, unazunguka milimani kwenye barabara ya mawe yaliyopangwa kwa mkono, kisha bila taarifa unaingia kwenye bakuli kubwa jeusi. Hiyo ndiyo kasoko. Upande mmoja kuna ukuta wa mwamba uitwao Bordeira, unaopanda karibu kilomita nzima kwenda juu. Upande wa pili kuna mlima wenyewe. Wewe uko katikati, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na chini ya miguu yako ni majivu na kokoto za volkeno. Humo ndimo watu wanamolima mizabibu.

Shamba la kwanza nililipita bila kujua ni shamba. Nilitarajia mistari, nguzo na nyaya, kama picha za Ufaransa. Hapa kila mzabibu una shimo lake, uko mbali na mwenzake, na hausimami: umejikunja chini, matawi yanatambaa juu ya changarawe kama mmea wa viazi vitamu. Pembeni yake kuna mtini, mtofaa, na mbaazi! Mbaazi tupu, zile za nazi za Jumapili, zimesimama kati ya mizabibu zikipunga upepo. Nilitaka kuzikumbatia.

Na hakuna bomba la maji hata moja. Hapa ndipo nilipopagawa, mniwie radhi. Kisiwa kiko kama nyuzi 15 kaskazini ya ikweta, mvua yake ni ya msimu mfupi na haiaminiki, na kule pwani jua linachoma kama kikaango. Kwa hesabu za kawaida zabibu zingeiva haraka, zikajaa sukari na kupoteza uchachu wote. Lakini huku juu usiku ni baridi, nililala na sweta, na baridi hiyo ndiyo inayoutunza uchachu ndani ya tunda wakati mchana jua linatengeneza sukari. Kazi iliyobaki hufanywa na majivu. Changarawe ile ina matundu kama sifongo: maji yakishapenya chini, tabaka jeusi la juu linayafunika yasikaushwe na jua. Mizizi inayafuata huko chini. Nilifukua kwa vidole, kiasi cha shibiri moja; juu pakavu kama jikoni, chini mkono ukatoka na unyevu. Basi ile ndimu niliyoionja mezani nikajua inakotoka.

Sisi tuliozoea mvinyo wa Dodoma, ambako mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, tukifika hapa inabidi tujifunze upya maana ya uchache. Mzabibu mmoja, shimo moja, vichala vya kuhesabu.

Uchache huo una historia. Tarehe 23 Novemba 2014 volkeno ilianza kutapika, na haikunyamaza hadi Februari 2015. Vijiji viwili vya kasokoni, Portela na Bangaeira, vilimezwa na lava, pamoja na kiwanda cha mvinyo cha ushirika wa wakulima na sehemu ya mashamba. Watu walihamishwa mapema. Kisha wakarudi. Leo unaona paa la nyumba ya zamani limechomoza kwenye lava iliyoganda, na hatua chache pembeni nyumba mpya imejengwa juu ya lava ileile, kwa matofali ya lava. Wasomaji wa Goma watanielewa haraka kuliko wa Dar es Salaam. Ushirika nao ukaanza tena kukamua.

Nyekundu yao sasa. Ni ya Touriga Nacional, zabibu ya Wareno, ileile inayoheshimika kwenye mvinyo wa Port. Rangi yake ni wino. Inanukia zambarau zilizoiva mno na moshi wa kuni kwa mbali, ina ukakasi wa kutosha kukausha ufizi, na nguvu yake, asilimia 14, unaisikia kifuani. Ni nzuri, hasa na nyama ya mbuzi. Lakini baa moja mjini ilinipa ikiwa na joto la chumba cha mchana, nikahisi nakunywa supu; iombeni ipoozwe kidogo, msione haya. Rozé sina la kusema. Ilikuwepo, nikainywa.

Nyeupe ndiyo habari. Watu wengi wanaokisifu kisiwa hiki wanakimbilia nyekundu kwa sababu volkeno na nyekundu vinapendeza pamoja kwenye maelezo, mimi nawaambia geuzeni shingo.

Halafu kuna manecom, mvinyo wa nyumbani usio na lebo, unaomiminwa kutoka kwenye dumu. Mzito, wenye ukungu, chupa hii haifanani na ile. Niliuonja ndani ya funco, nyumba ya mviringo ya mawe meusi, msonge kabisa kwa umbo, huku mzee mmoja akinisimulia habari za Mfaransa Armand Montrond, aliyefika kisiwani karne ya 19 akanogewa, akaacha uzao usiohesabika. Husemwa yeye ndiye aliyeleta mizabibu. Wareno walikuwa wakipanda visiwani humo kabla yake, lakini nani abishane na mzee mwenye dumu mkononi? Jina la Montrond bado limejaa kasokoni.

Ubaya ni kuupata. Sehemu kubwa ya mvinyo huu inanywewa humohumo visiwani, na kama una ndugu kwa Wakabo Verde wa Massachusetts huko Marekani, jipendekeze kwao sasa. Dukani kwetu sijauona. Mimi nilinunua chupa tatu za nyeupe kasokoni, nikazifunga kwenye khanga pamoja na kijumba cha jiwe la lava nilichouziwa na mtoto wa kama miaka minane, hodari wa bei kuliko mimi. Kijumba kilivunjika njiani. Chupa zilifika zote tatu, na ninapoandika hapa imebaki moja.