Juliasi Kaizari: Matembezi ya Roma na Suala la Vina

Tamthilia ya Shakespeare ihusuyo Kaizari huanza mtaani. Mafundi wa Roma, seremala na mshona viatu miongoni mwao, wameacha kazi zao ili washangilie ushindi wa mkuu wao. Tangu hapo msomaji hupitishwa katika mji mkongwe: bustanini kwa Bruto, njia iendayo Kapitoli, kisha uwanja wa mazishi. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyesoma shule ya Mwisenge, Musoma, na baadaye Chuo Kikuu cha Edinburgh (1949–1952), aliwafungulia Waswahili njia hizo kwa tafsiri iliyotoka mwaka 1963. Toleo lililorekebishwa la mwaka 1969 ndilo liitwalo Juliasi Kaizari.

Atakayezunguka Roma akiwa na kitabu hiki mkononi atapotea. Shakespeare amemuua Kaizari Kapitoli, ilhali historia yasema aliuawa tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Masihi, katika ukumbi uliopakana na tamthiliani pa Pompei. Magofu yake yapo Largo di Torre Argentina, ambako tangu mwaka 2023 wageni huteremka kuyatazama. Kosa hilo si la mfasiri. Yeye alitafsiri mchezo, si ramani.

Suala zito kwa msomaji wa mwambao ni jingine. Tafsiri hii haina vina. Kaluta Amri Abedi alikwishaziweka kanuni za vina na mizani katika kitabu chake cha mwaka 1954, na wengi waliolelewa katika kanuni hizo wangeuliza: je, hili ni shairi? Haifai kujibu kwamba mtu wa Ziwa hakuyajua ya Pwani. Tenzi zake za Enjili, zilizochapishwa mwaka 1996, zafuata vina kwa uaminifu. Kwa hiyo kuviacha kulikuwa ni kuchagua.

Uchaguzi huo wathibitika pale penye mazishi. Shakespeare amempa Bruto hotuba ya nathari, ya mtu anayetegemea hoja; Antonio amempa ushairi usio na vina. Antonio lazima aonekane kama msiba ndio unaomsemesha, ingawa kila neno amelipima. Angalisema kwa beti zenye vina, sikio la Mswahili lingalitambua papo hapo kwamba maneno yalitungwa nyumbani, na hila ingalifichuka kabla ya umati kuwaka.

Hata hivyo, hasara ipo. Sikio lililozoea kituo cha ubeti halipati pa kupumzikia, na kipande kirefu hakihifadhiki kwa moyo kama utenzi. Kazi hii yataka jukwaa na sauti. Kwa msomaji wa kimyakimya hupoa.

Baada ya hotuba hiyo, Sina mshairi anatoka kutembea ingawa moyo wake hautaki. Umati unamdhania kuwa ni Sina mla njama. Anapojitetea kwamba yeye ni mshairi tu, mmoja anataka araruliwe kwa sababu ya mashairi yake mabaya. Msomaji aliyekifunga kitabu hiki kwa kukosa vina na akifungue tena hapo, mtaani Roma, akasome mshairi alivyohukumiwa na watu ambao hawakusikia hata ubeti wake mmoja.