Ukuta ni wa Nani?

Ukipita katika vijiji vyetu vya Rungwe utaona duka la mkulima limevikwa rangi za kampuni ya simu toka msingi hadi paa. Mwenye duka anadhani amesaidiwa, kwani hakununua rangi! Huo ndio uchoraji wa hadhara tuliouachia mabepari.

Serikali za mitaa nazo zimezoea kuutazama ukuta kama chanzo cha ada ya mabango tu. Picha isiyouza kitu huonekana uchafu. Nairobi, mwaka 2012, Boniface Mwangi na wenzake waliwachora wanasiasa kama tumbusi. Baraza la jiji likapaka rangi juu yake. Halmashauri inayofuta picha na kuacha tangazo imekwisha kuchagua tabaka.

Ikuti si jiji, ni kata ya wakulima. Hata hivyo, Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, zikiidhinishwa na wilaya. Basi kwa nini tusubiri miji? Kijiji kiamue tangazo liishie wapi, na kuta za ofisi, ghala na shule zichorwe nini. Ramani zinazochorwa katika shule za msingi ni mwanzo mwema, lakini ramani haimwonyeshi mkulima wala bei ya chai yake. Mchoraji alipwe, mchoro ujadiliwe kabla ya brashi, na kiongozi asiyeipenda sura yake aseme hukohuko, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.