Sasa, Zamani na Safu ya Tarehe: Nadharia ya Mbiti Mbele ya Daftari la Alupe

Katika sura ya wakati ya kitabu chake African Religions and Philosophy, kilichotolewa mwaka 1969, John Mbiti aliazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya kuwa nguzo za maelezo yake juu ya fikira za Mwafrika. Madai yake yanajulikana sana. Wakati, kwa mujibu wake, ni mfululizo wa matukio. Sasa ni kipindi kifupi kinachokusanya yaliyotokea karibuni, yanayotokea, na machache yaliyo mlangoni. Zamani ni bahari ambamo Sasa humiminika na kuzama. Wakati ujao wa mbali haupo, kwa sababu matukio yake hayajatukia. Ushahidi wa madai hayo hakuutafuta katika lugha aliyoiazima maneno. Aliutafuta katika jedwali la njeo tisa za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, ambamo njeo ya ujao ulio mbali kuliko yote haivuki miezi sita au, ikizidi sana, miaka miwili.

Wahakiki wengi wamekwisha kuishambulia nadharia hii. Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alionyesha kwamba Kiakan kina maneno ya wakati ujao usio na mpaka, D. A. Masolo naye aliirudia hoja ya Mbiti kwa ukali katika kazi yake ya mwaka 1994. Lakini ubishi huo aghalabu umehusu jambo moja tu, yaani kama mstari wa wakati unafika mbele au unakatika. Ni nadra kuulizwa kama mstari mmoja unatosha. Swali hilo hujitokeza mahali ambapo wakati hauna budi kuandikwa ili utumike kesho na mtu mwingine: katika daftari la hospitali, katika kitabu cha forodha, na siku hizi katika hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata.

Alupe, kwenye barabara iendayo kutoka Busia hadi Malaba, yafaa sana kwa jaribio hili. Hapo ndipo kilipokuwa Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika Mashariki, kilichohudumia nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kituo kilibaki upande wa Kenya. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilipoanzishwa mwaka 1979, kikaja kuwa chini yake. Na ukoma, miongoni mwa maradhi, ni mwalimu mkali wa masuala ya wakati. Hansen alikiona kijidudu chake huko Norwei mwaka 1873, lakini hata leo hakuna daktari awezaye kumwambia mgonjwa siku aliyoambukizwa. Kati ya kuambukizwa na kuonekana kwa baka la kwanza hupita, kwa wastani, miaka mitano. Huweza kupita ishirini na zaidi.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mtu anafika kituoni mwaka 1978. Karani anaandika jina, kijiji, kisha anakuta safu yenye kichwa cha neno moja: Tarehe. Tarehe ya nini? Iko siku ya kuambukizwa, isiyojulikana na mtu. Uko msimu ambao mgonjwa alihisi ganzi mkononi, anaoukumbuka kwa mavuno au kwa msiba. Iko siku ambayo mganga aliutambua ugonjwa. Iko, mwisho, siku ambayo karani alishika kalamu. Karani huandika hii ya mwisho, kwa kuwa ndiyo pekee aliyo na hakika nayo, na msomaji wa baadaye huisoma kana kwamba ndiyo ya ugonjwa wenyewe. Takwimu zikikusanywa kwa namna hiyo, ukoma utaonekana kuzidi katika mwaka ambao kituo kilipata gari la kuzungukia vijiji, na kupungua katika mwaka ambao gari liliharibika. Watakaopangiwa dawa watapangwa kwa kuifuata safari ya gari.

Wataalamu wa kompyuta walilikabili tatizo hili kwa dhati katika miaka ya 1980. E. F. Codd alikuwa amependekeza mwaka 1970 kwamba data zote zipangwe katika majedwali, na mpango wake ukashinda mingine. Lakini jedwali la kawaida hujua hali ya sasa tu. Ukibadilisha neno, la kwanza limepotea. (Daftari la wino, kwa jambo hili, lilikuwa na hekima zaidi: kosa lilikatwa kwa mstari, na lililokatwa likaendelea kusomeka.) Mwaka 1985 Richard Snodgrass na Ilsoo Ahn walitenga nyakati mbili zilizokuwa zikichanganywa. Wa kwanza ni wakati ambao jambo lilikuwa kweli duniani. Wa pili ni wakati ambao jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika hifadhidata. Kwa Kiswahili yatosha kuuita ule wa kwanza wakati wa kutukia, na huu wa pili wakati wa kuandikwa. Nyakati hizi mbili hazifuatani katika mstari mmoja. Zinakutana kwa pembe, kama mstari wa jedwali na safu yake. Kanuni ya kimataifa ya lugha ya SQL haikuzikubali zote mbili rasmi mpaka toleo la mwaka 2011.

Ni hapa ambapo sarufi ya Kiswahili inastahili kuitwa shahidi, na ambapo Mbiti alikosa kumwita. Sentensi hii ni ya kawaida kabisa: "Alipoandikishwa alikuwa amekwisha ambukizwa." Ndani yake mna wakati wa msemaji, ambao ni sasa, mna wakati wa kuandikishwa, ulioshikwa na kiambishi -li- na -po- yake, na mna wakati wa kuambukizwa, uliotangulia huo wa pili, ulioshikwa na -me- pamoja na -kwisha. Kitenzi kisaidizi kinasimamisha mahali pa kutazamia, nacho kitenzi kikuu kinaeleza kilichoonekana kutoka hapo. Hans Reichenbach aliueleza utatu huu kwa Kiingereza mwaka 1947 na kusifiwa kwa uvumbuzi. Mzungumzaji wa Kiswahili huutumia sokoni Busia bila kusifiwa na mtu. Tena lugha inaweza kusonga hatua moja mbele: "Mwaka 1978 iliandikwa kwamba alikuwa ameanza kuugua 1976, mwaka 1980 ikaja kujulikana kwamba alikuwa ameanza 1973." Hiyo ni hifadhidata ya nyakati mbili, imetimia, katika sentensi moja. Kitenzi kisaidizi -ja, katika "ikaja kujulikana", kinabeba ule uchelewaji wa habari nyuma ya tukio ambao Snodgrass na Ahn waliujengea istilahi.

Kosa la Mbiti, basi, si kwamba aliufupisha wakati ujao. Ni kwamba alizipanga njeo sahili katika foleni moja, kutoka nyuma kwenda mbele, kisha akaiita foleni hiyo fikira. Njeo ambatani, ambamo wakati mmoja unatazamwa kutoka ndani ya mwingine, hazikuwa na nafasi katika jedwali lake. Kwa hiyo Zamani yake ni shimo: kilichozama humo hakina kabla wala baada. Katika Kiswahili chenyewe neno hilo halikubali hali hiyo. Mtu akisema "zamani", msikilizaji huuliza "zamani gani?", na jibu linapotolewa, zamani hiyo hugeuka kuwa jukwaa lenye sasa yake, jana yake na kesho yake.

Hata hivyo si haki kumwacha Mbiti bila sifa yake, nayo iko mahali pasipotarajiwa. Safu ya tarehe ya kuondoka kituoni huachwa tupu wakati mgonjwa angali ndani. Baadhi ya mifumo mashuhuri ya hifadhidata haiuvumilii utupu huo katika vipindi vya wakati. Huujaza kwa tarehe ya mwisho ambayo mashine inaweza kuiandika, 31 Desemba 9999. Mgonjwa wa Alupe, kwa mujibu wa mashine, ataondoka baada ya karne themanini. Huo ndio ujao wa mbali wenye hesabu ambao Mbiti aliambiwa kwamba Wazungu wanao na Waafrika hawana! Ukitazamwa vizuri si ujao hata kidogo. Ni neno "hajaondoka" lililovishwa nguo za kalenda. Mbiti alishikilia kwamba wakati usio na tukio si wakati, na mwaka 9999 wa mashine unampa haki.

Lakini kiambishi -ja- cha ukanushi kinafanya kazi ambayo tarehe hiyo haiwezi. "Hajaondoka" yaonyesha kwamba jambo lingali wazi na linatazamiwa. "Hakuondoka" yaonyesha kwamba nafasi ilikuwapo ikapita. Pengine alifia hapo. "Haijulikani kama aliondoka" ni habari ya daftari, wala si ya mgonjwa. Safu tupu huzimeza zote tatu, na mwaka 9999 hutoa jibu la ile ya kwanza hata pale ambapo kweli ni ya tatu. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 1981 tiba ya dawa mseto, ambayo humaliza kazi kwa miezi 6 au 12, hesabu ya wagonjwa duniani ilishuka kwa kiasi kikubwa, na sehemu ya kushuka huko ilitokana na kufutwa kwa majina ya watu waliokwisha pona na ambao daftari lilikuwa likiendelea kusema juu yao "hajapona".

Mahali nako kuna wakati wake. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Katika miaka ya 1990 wilaya ya Teso ilimegwa kutoka Busia. Tangu mwaka 2013 imo tena ndani ya kaunti ya Busia. Mtu aliyezaliwa Alupe na aliyehojiwa uraia wake anaweza kuonyesha hati tatu zenye majina matatu ya wilaya au kaunti, zote za kweli, kila moja katika siku zake. Mfumo unaojua jina la leo tu utamwona mwongo.

Mwaka 2020, wakati wa korona, hospitali ya Alupe ilitumika kuwatenga waliougua, na malori yakapanga misururu ya kilomita nyingi kuelekea Malaba. Dereva alitakiwa awe na cheti cha kupimwa chenye kudumu siku 14. Siku 14 tangu kuchukuliwa kipimo, tangu jibu kutoka maabara, au tangu jibu kuingizwa katika kompyuta ya mpakani? Kati ya ya kwanza na ya tatu ziliweza kupita siku kadhaa, na siku hizo dereva alizilala chini ya lori. Katika Kiswahili cha foleni swali lilikuwa na umbo lililonyooka: amepimwa, majibu hayajatoka, majibu yametoka, hayajaingizwa. Kila kimojawapo kati ya vitenzi hivyo vinne kilihitaji safu yake.