Mikono Inayoanika Chisense

Siku za giza, mwezi usipokuwepo angani, ufukwe wa Kashikishi huamka kabla ya jua. Hapo ndipo penye soko kubwa la samaki la Nchelenge, mkoani Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya Ziwa Mweru ni Kongo. Mitumbwi iliyokesha na taa hurudi na chisense, samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao Mtanzania akiwaona atawaita dagaa bila kuuliza. Mvuvi akishafika nchi kavu, kazi yake imekwisha. Ya mwanamke ndiyo kwanza inaanza, na inastahili kutazamwa bila papara, maana bei ya samaki huyu huamuliwa hapo.

Anayenunua beseni la chisense ana saa chache tu. Barafu hakuna, na samaki wa umbo hilo huoza upesi. Huwamwaga juu ya wavu mkuukuu au mkeka, kisha huwatawanya kwa viganja mpaka wawe tabaka moja. Wakirundikana, wa chini hubaki na maji na kuanza kunuka. Jua likipanda huwageuza, na hapo hategemei saa: huchota konzi moja akasikiliza. Wakichakarika, upande huo umekubali. Baadaye huvunja mmoja katikati. Akikatika kwa mlio, yuko tayari. Akipinda, anarudi juani. Kisha huja kupepeta mchanga na kuchambua takataka, kazi ya kuinama kwa muda mrefu ambayo mnunuzi wa mjini haioni ila huisikia menoni pale ilipofanywa ovyo. Muda wote huo jicho moja liko kwenye samaki na jingine kwenye mawingu. Mvua ya dakika kumi yatosha kuwageuza rangi na kula mtaji wa mwezi.

Ufundi huu si wa kale sana. Samaki wakubwa waliolipatia Ziwa Mweru jina walipungua mmoja baada ya mwingine. Mpumbu, aliyekuwa akipanda mto Luapula kutaga mayai, aliadimika tangu katikati ya karne iliyopita. Biashara ya chisense ilishika kasi miaka ya 1970 na 1980. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake *Nachituti's Gift* cha 2006, ameeleza jinsi samaki huyu alivyowafungulia wanawake mlango, kwa kuwa hakudai mtaji mkubwa kama uvuvi wa zamani. Leo magunia ya chisense husafiri hadi miji ya Copperbelt na kuvuka mpaka kwenda Lubumbashi.

Kanisa nalo lina historia ndefu na wanawake wa bonde hili la Luapula. Mwaka 1915 Mabel Shaw, mmisionari wa London Missionary Society, alifika Mbereshi, kusini mwa Nchelenge, akaanzisha shule ya bweni ya wasichana. Ilikuwa kazi ya kijasiri kwa wakati wake, lakini lengo lilikuwa kumlea mke na mama wa Kikristo. Mfanyabiashara hakuwa kwenye ratiba. Zambia ilitangazwa taifa la Kikristo mwaka 1991, na mwanamke wa Kashikishi hapungukiwi na kanisa la kusali. Anachopungukiwa ni mtaji.

Ndiyo maana navutiwa na msaada wa aina nyingine, ambao kwa macho hauna fahari yoyote: sanduku la chuma na daftari. Shirika la Kikatoliki la CRS lina mtindo wa vikundi vya akiba uitwao SILC, na kati ya 2013 na 2017 Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi nne ambako mpango huo ulipanuliwa. Msomaji anayejua VICOBA ataufahamu mara moja. Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 30, huweka akiba kila wanapokutana, hukopeshana kwa riba waliyoipanga wenyewe, na mwisho wa mzunguko hugawana. Fedha za mfadhili haziingizwi sandukuni. Kinacholetwa ni mwalimu na utaratibu: hesabu husomwa kwa sauti, kila mmoja akisikia kiasi kilicholala humo, na sanduku likiwa na kufuli zaidi ya moja, funguo hushikwa na watu tofauti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari linasikika hata kwa asiyejua kusoma.

Uzito wa akiba hii hujulikana ufukweni. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, mwanamke asiye na fedha mkononi amejikuta akidaiwa mwili ili apewe samaki, desturi mbaya iitwayo jaboya. Mwenye mkopo wa kikundi chake hununua beseni kwa fedha taslimu na kuondoka na heshima yake. Jambo la pili ni la ufundi hasa: mwenye deni la mchuuzi huuza samaki wakiwa nusu wakavu, lakini mwenye akiba husubiri mlio ule wa kukatika.

Sanduku halizuii mvua. Halimrudishi samaki aliyevuliwa kupita kiasi, wala halifuti miezi ya kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia inapofunga uvuvi katika maji yake mengi. Na mahitaji yanaongezeka: tangu 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, penye Wakongo wengi, baadhi yao wakizungumza Kiswahili, nao wanatafuta pa kuanzia. Parokia ikitaka kuongeza kitu, iongeze vichanja vya kuanikia, samaki wainuliwe kutoka mchangani na hewa ipite chini yao. Ila iwaulize kwanza waanikaji kimo cha kichanja na upande wa upepo. Wao ndio mafundi, na msaada unaoanza kwa kuwauliza hauna haja ya kuwafundisha kazi wanayoijua.