Mgeni wa Usiku Mmoja

Msomaji, ukitaka kumpima msafiri aliyeandika kitabu, usianze na wafalme aliowaona wala bahari alizozivuka. Anza na sahani yake. Habari za wafalme mtu aweza kusimuliwa na wengine, bali tonge alilolitia kinywani mwake hulisema kwa namna nyingine kabisa.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka wa 1304. Alitoka kwao mwaka wa 1325 kwenda kuhiji, na safari ile ikawa ya miaka mingi. Yapata mwaka wa 1331 alifika pwani yetu, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kitabu chake hakukiandika kwa mkono wake. Aliporudi kwao alimsimulia mwandishi mmoja, Ibn Juzayy, na kazi ikamalizika mwaka wa 1355. Hesabu mwenyewe: kati ya chakula na kalamu ilipita miaka 24.

Na bado chakula cha Mogadishu hakikumtoka moyoni. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Zilikuja ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Yalikuja maziwa ya mgando, na juu yake achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kabla ya hapo sultani alikwisha kumpelekea tambuu na popoo. Mtu wa pwani asomapo ukurasa huu hudhani amealikwa arusini. Anaongeza msafiri kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Hapo naona mgeni amemsahau aliyempakulia.

Lakini tusome kwa hadhari. Neno pilipili lisikupeleke kwenye zile nyekundu ziwashazo, kwa kuwa asili yake ni Amerika, na Wazungu hawakuanza kuzileta huku ila baada ya safari za Columbus na Vasco da Gama, mwishoni mwa karne ya 15. Achari ile ilikuwa ya pilipili manga. Mahindi na mihogo navyo asili yake ni huko huko. Katika Mombasa aliyoiona Ibn Battuta hapakuwa na ugali wa mahindi hata kwa dawa, na mwanafunzi anayeuona ugali huo kuwa chakula cha mababu tangu dunia iumbwe hana budi kulikumbuka jambo hili.

Mombasa yenyewe aliipa maneno machache. Anasema ni kisiwa kikubwa, umbali wa safari ya siku mbili baharini kutoka nchi ya Sawahili. Hakina ardhi ng'ambo. Watu wake hawalimi nafaka bali huletewa kutoka huko Sawahili. Na chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. Nilipoyasoma haya darasani, msichana mmoja wa Likoni alinyosha mkono. "Mwalimu, siku mbili kutoka wapi? Sisi huvuka kabla jua halijapanda. Na hizo ndizi alimlimia nani?"

Swali lile lilinikaa kooni. Huenda Ibn Battuta alikusudia sehemu nyingine ya pwani, iliyo mbali. Wataalamu wana haki ya kumtetea. Lakini yeye mwenyewe amekiri kwamba alilala kisiwani usiku mmoja tu, kisha akatweka kwenda Kilwa. Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu aliondoka kabla ya jembe. Angekaa hata siku tatu, angeambiwa nafaka ile ilitoka shamba gani, na mkono wa nani uliipalilia. Wako wasomao mstari wake wakadhani wenyeji walikaa vivi hivi wakingojea jahazi. Kosa hilo si la msafiri peke yake. Ni la msomaji amgeuzaye mpita njia kuwa kadhi.

Tazama anavyobadilika asemapo alichokiona kwa macho. Misikiti ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Mlangoni mna kisima, kina chake dhiraa moja au mbili, maji huchotwa kwa kata ya mti, na kila aingiaye huosha miguu kwanza, kwa kuwa watu wote hutembea pekupeku. Hapo simtilii shaka. Nadhani yeye naye aliinama akachota.

Anataja pia tunda lifananalo na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, ambalo anasema wenyeji waliliita jamuni. Neno hilo ni la Bara Hindi, naye alikuwa hajafika huko bado. Ama alilisikia kwa wafanyi biashara wa bandarini, ama miaka ya baadaye ilimchanganyia kumbukumbu. Sisi tunda hilo twaliita zambarau. Wiki iliyofuata yule msichana alileta kikapu kizima, tukala hata ndimi zikawa za zambarau. Ibn Battuta aliandika kuwa ni tamu mno. Darasa langu, kwa ukakasi uliotushika, lilimpinga kwa kura zote isipokuwa moja.